Kutoka Gatini hadi Sitahani: Namna ya Kuanza Kazi ya Ubaharia Kwenye Meli za Mizigo

Vijana wengi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja huanza safari ya ubaharia kwa kumtafuta mtu mwenye "koneksheni" ya meli. Pesa ya familia inaishia mfukoni mwa mtu huyo, na meli haionekani. Mpangilio wenye faida ni kinyume chake: pima afya, soma kozi, pata kitabu cha baharia, halafu ndiyo utafute kampuni.

Mwongozo huu ni wa kazi ya sitaha, yaani kamba, kutu, rangi, usukani na zamu, kwenye meli za kontena, za shehena ya kichele, yaani isiyofungashwa, na za mafuta. Anayetaka injini au jiko atafaidika na sehemu za karatasi na mkataba, lakini kazi yake yenyewe ina mambo mengine.

1. Pima afya kabla ya kulipa ada ya chuo

Watu hufanya kinyume. Wanauza kiwanja, wanalipa kozi, kisha daktari anawaambia macho hayafai.

Cheti cha afya cha baharia hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya bahari: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Cheti cha zahanati ya mtaani, hata kikiwa na mihuri mitatu, hakifiki popote. Utapimwa masikio, kifua, presha, sukari, mkojo na macho. Kinachowaangusha wengi bila kutarajia ni rangi. Utaonyeshwa kurasa zenye nukta za rangi na kuulizwa unaona namba gani. Usiku, taa nyekundu na taa ya kijani ndizo zinazokuambia meli ya mbele yako inaelekea upande gani, kwa hiyo asiyezitofautisha hasimami zamu ya kuangalia mbele. Tatizo hilo halina dawa wala miwani, na ni afadhali ulijue mapema ukiwa bado na pesa ya kusomea kitu kingine.

Cheti cha afya hudumu miaka 2 kwa muda mrefu zaidi, au mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18. Chanja pia homa ya manjano na uitunze ile kadi ya njano pamoja na pasi. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika kwa maisha yote, na mtu anayetoka Afrika Mashariki huombwa kadi hiyo kwenye viwanja vya ndege mara kwa mara.

Kuhusu umri: mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao wenyewe huuita MLC, unaruhusu kuanzia miaka 16. Lakini aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi ya usiku wala kazi za hatari, na sitahani ni nadra kupata kazi isiyo na moja ya hayo mawili. Kampuni nyingi hazijisumbui na mtu wa chini ya 18.

2. Kozi za msingi, na fundo la siku za bahari

Ulimwenguni kote vyeti vya mabaharia vinafuata mkataba mmoja, STCW wa 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena Manila mwaka 2010. Ndiyo sababu cheti cha chuo kinachotambuliwa na mamlaka ya nchi yako kinasomeka hata Rotterdam au Singapore. Kwetu vyuo vinavyojulikana zaidi ni Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) na Bandari Maritime Academy cha Mombasa. Kabla ya kulipa chuo kingine chochote, nenda kwenye ofisi ya mamlaka uulize kama kozi unayoitaka imeidhinishwa pale.

Kozi za lazima kwa kila anayepanda meli kufanya kazi ni nne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi pamoja na kuishi na wenzako melini. Juu ya hizo kuna ya uelewa wa ulinzi wa meli. Zile za kujiokoa na za moto huhuishwa kila baada ya miaka 5. Ukilenga meli za mafuta au gesi kuna kozi ya ziada ya msingi ya meli hizo, na meli za abiria nazo zina zao.

Jifunze kuogelea kabla ya kufika chuoni. Inashangaza ni wangapi wamezaliwa hatua mia moja kutoka baharini na wanaruka bwawani kama gunia la chumvi.

Fundo liko hapa. Kozi za msingi hazikufanyi baharia mwenye cheo, zinakuruhusu tu kupanda meli. Ili upate cheti cha kushiriki zamu ya uongozaji unahitaji miezi 6 ya bahari iliyo na mafunzo, au mafunzo maalumu pamoja na angalau miezi 2 ya bahari. Ili uwe AB, baharia kamili wa sitaha, unahitaji kwanza cheti hicho cha zamu, kisha miezi 18 ya kazi ya sitaha, au miezi 12 pamoja na mafunzo yaliyoidhinishwa, na uwe umefika miaka 18. Meli inataka siku za bahari, na siku za bahari zinapatikana melini.

Wengi hulifungua fundo hili karibu na nyumbani. Kuna boti na meli za abiria na mizigo kati ya Dar, Unguja na Pemba, kuna meli ndogo za mwambao, na kuna tagi za bandarini, zile boti za kuvuta meli. Mshahara huko si wa kutangaza kijiweni, ila miezi inaandikwa. Kabla ya kukubali kazi ya namna hiyo, uliza mamlaka swali moja: "Siku nitakazofanya kwenye chombo hiki zitahesabiwa kwa cheti gani?" STCW haihusu vyombo vya uvuvi wala vyombo vya mbao vya jadi. Kwa hiyo aliyekulia kwenye jahazi la babake Lamu au Kojani, anayeijua kamba kuliko mwalimu wake, ataanza kuhesabu siku zake upya kama mtoto wa Dodoma. Si haki sana, lakini ndivyo ilivyo.

3. Kitabu cha baharia, pasi, na majina yako

Kitabu cha baharia ndicho kinachobeba historia yako: meli uliyopanda, tarehe ya kupanda, tarehe ya kushuka, cheo, muhuri wa nahodha. Unakiomba kwa mamlaka ukishakuwa na cheti cha afya na kozi za msingi. Pasi iwe na muda wa kutosha kuvuka mkataba mzima na ziada, kwa sababu nchi nyingi hukataa pasi iliyobakiza chini ya miezi 6.

Kinachochelewesha watu wetu kuliko chochote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi Ali. Pasi inasema Juma Khamis Ally. Cheti cha shule ni J. H. Ally, na cheti cha kozi ya moto mwandishi wa chuo ameandika Jumaa. Wakala aliyeko ng'ambo, anayepanga mabaharia wa meli kadhaa kwa wakati mmoja, akiona hivyo haulizi, anachukua anayefuata. Chagua tahajia ya pasi iwe ndiyo jina lako rasmi, na kila karatasi mpya ifuate hiyo herufi kwa herufi. Siku ya kupokea cheti, kisome ukiwa bado umesimama mbele ya dirisha.

Piga picha za karatasi zote, ziweke kwenye barua pepe yako, na umwachie mtu mmoja nyumbani nakala. Kitabu cha baharia kikilowa maji nchini Brazil, utafurahi kwamba dada yako ana picha yake kwenye simu.

4. Kutafuta kampuni bila kuliwa

Kanuni ya MLC haina utata: baharia halipi ili apate kazi. Gharama ambazo zinaweza kuwa zako ni tatu tu, yaani cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasi. Viza ni ya mwenye meli, na tiketi ya kwenda kupanda meli pia si mzigo wako. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019, kwa hiyo wakala anayekutoza "ada ya usajili" au "dhamana ya nafasi" anavunja kanuni ambazo serikali zetu zimesaini.

Utapeli una sura yake. Ujumbe unaingia usiku kwa WhatsApp. Umechaguliwa bila usaili. Mshahara ni wa nahodha wakati wewe hujawahi kufunga kamba gatini. Mkataba una nembo ya kampuni kubwa ila barua pepe ni ya bure. Na kuna haraka: meli inaondoka Ijumaa, tuma pesa leo. Aliyetumwa kukushawishi mara nyingi ni mtu wa mtaani kwenu, tena wakati mwingine na yeye amedanganywa, ndiyo maana uso wake unaaminika.

Kagua hivi. Omba jina la kampuni, namba ya leseni yake ya kuajiri mabaharia, na jina la meli pamoja na namba yake ya IMO. Leseni, peleka KMA, TASAC au ZMA waikague. Namba ya IMO ina tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikiuzwa, ikapakwa rangi nyingine na kupewa jina jipya na bendera mpya. Iingize kwenye tovuti ya Equasis, ambayo ni ya bure ukijisajili, utaona mwenye meli, anayeisimamia, umri wake na kama ilizuiwa bandarini hivi karibuni kwa ubovu. Wakala anayekataa kutoa namba ya IMO hana meli. Wala usimtukane, funga simu tu.

Pita pia kwa vyama vya mabaharia: TASU kwa Tanzania, Seafarers Union of Kenya kwa Kenya. Wazee wanaokaa pale barazani wanajua ni wakala gani analeta watu nyumbani wakiwa wamelipwa.

5. Soma mkataba, hata kama unaogopa kuonekana mjuaji

Mkataba uwe umeandikwa, usainiwe na pande zote mbili, na nakala yenye saini ubaki nayo wewe. Angalia jina na anwani ya mwenye meli, cheo chako, mshahara wa msingi, saa za ziada, likizo (si chini ya siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi), muda wa mkataba, namna ya kuuvunja, matibabu, na haki ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli.

Kwa AB kuna kiwango cha chini cha kimataifa cha mshahara wa msingi kinachopangwa chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO). Kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi, kabla ya saa za ziada. OS, baharia wa kuanzia, hupata chini ya hapo. Meli zenye makubaliano ya chama cha wafanyakazi hulipa zaidi. Saa ya ziada inatakiwa iwe angalau mara 1.25 ya saa ya kawaida, kwa hiyo ukiona mkataba wenye tarakimu moja kubwa bila kueleza ndani yake kuna nini, uliza msingi ni kiasi gani. Kampuni nyingine hujumlisha saa za ziada, likizo na posho zote kwenye tarakimu moja ili ipendeze.

Amua kabla ya kupanda ni kiasi gani kitatumwa nyumbani kila mwezi na kwa akaunti ya nani. Usiliache hili kwa ahadi ya mdomo, wala usitume mshahara wote. Wengi wetu tukipata meli ya kwanza, ukoo mzima unakuwa na ada ya shule.

Angalia pia njia ya meli. Tangu mwishoni mwa 2023 meli za biashara zilianza kushambuliwa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na Machi 2024 mabaharia watatu wa meli True Confidence waliuawa. Meli zenye makubaliano ya kimataifa ya vyama zina kifungu cha maeneo ya vita: haki ya kukataa kuingia na kurudishwa nyumbani, na malipo maradufu ya msingi kwa anayekubali. Hakikisha mkataba wako unasema nini juu ya hilo ukiwa bado Mombasa, maana Bab el Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu, hakuna wa kukusomea.

6. Begi

Kampuni inatakiwa ikupe ovaroli, kofia ngumu, glavu, miwani na viatu vya usalama. Uulizwe saizi mapema, na useme saizi ya kweli ya mguu. Wewe beba soksi nyingi za pamba, sweta zito, kofia ya sufu, dawa zako za kawaida na karatasi ya daktari, tochi ndogo na daftari. Msuli au kanga ya kulalia haina uzito, na kabini ya kiyoyozi ina baridi kuliko unavyodhani.

7. Siku ya kwanza

Utafika umechoka, mara nyingi usiku, kwa boti au kwa ngazi ya kando ya meli. Kabla ya kulala, jua vitu vinne: jaketi lako la kuokolea liko wapi, unakusanyika wapi, boti yako ya kuokolea ni ya upande gani, na una kazi gani moto ukiwaka. Vyote vimeandikwa kwenye orodha ya dharura ukutani. Milio saba mifupi na mmoja mrefu ni wito wa kukusanyika. Tembea njia ya kutoka kabini hadi sitahani mara mbili, mara ya pili ukiwa umefumba macho na mkono ukutani. Moshi haukupi muda wa kusoma vibao.

Mpishi mwambie jioni hiyohiyo kama huli nguruwe. Usingoje mpaka sahani ifike mezani ndipo ukunje uso. Mpishi aliyeambiwa mapema atakupangia, na meli inawajibika kutoa chakula bure kinachozingatia dini ya mtu. Ramadhani ikikukuta melini, ongea na bosani, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, kuhusu saa za kazi nzito kabla ya mwezi kuandama.

Amri zinashuka hivi: nahodha, chifu ofisa, bosani, AB, kisha wewe. Chifu ofisa ndiye mkuu wa sitaha, lakini mtu wako wa kila siku ni bosani. Melini Kiingereza cha kazi ni kifupi na hakina mapambo. Usiposikia, sema hujasikia. Anayeitikia "yes" kwa kila kitu ndiye anayeogopwa, kwa sababu hakuna anayejua alichoelewa.

Kichefuchefu kitakuja. Kula biskuti kavu, tangawizi, kunywa maji kidogo kidogo, kaa nje uangalie upeo wa macho. Baada ya siku chache kinaondoka kwa wengi.

8. Kazi yenyewe

Sehemu kubwa ni kutu. Chumvi inakula chuma usiku na mchana, na OS anaifuata na nyundo. Gonga mpaka chuma kitoke cheupe, suuza chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo ya bahari, acha kikauke, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, halafu ndiyo rangi ya juu. Ukipaka juu ya chumvi, baada ya wiki chache rangi inavimba malengelenge na bosani anakumbuka ni nani alikuwa upande ule. Vaa miwani kila mara. Punje ya kutu jichoni katikati ya Bahari ya Hindi, siku kadhaa kutoka kwa daktari wa macho, si jambo la kuvumilia kiume.

Zamu za bahari kwa kawaida ni saa 4 kazini na 8 nje. Ukiwa mwangalizi, kazi yako ni macho na masikio, na simu ibaki kabini. Ukiona taa, unaripoti upande na umbali wa kukadiria, hata kama ofisa ameshaiona kwenye rada. Usukani una desturi yake: amri inarudiwa neno kwa neno kabla ya kutekelezwa. Rubani, yule anayeongoza meli kuingia bandarini, anasema "Port ten" (kushoto nyuzi 10), nawe unajibu "Port ten", unazungusha, mshale ukifika nyuzi 10 unamwambia umefika. Unaangalia kipimo cha pembe ya usukani chenyewe, wala si gurudumu. Ukigundua umezungusha upande usio, sema papo hapo kwa sauti.

*Kamba za kufungia meli.* Hapa ndipo pa kusoma taratibu. Meli ikikaribia gati, mtu anarusha kamba nyembamba yenye uzito mwishoni, wa gatini wanaivuta, nyuma yake inakuja kamba nene ya meli, inavishwa kwenye nguzo ya chuma, winchi inaanza kukaza. Kamba ya plastiki iliyokazwa imejaa nguvu kama mpira uliovutwa. Ikikatika inarudi nyuma kwa kasi ambayo jicho haliioni, na inaweza kukata mguu au kuua. Tena haifuati mstari ulionyooka: inapogeuzwa na roli, inarudi kwa pembe. Zamani walichora rangi sakafuni kuonyesha maeneo ya hatari, na watu wakaamini kwamba nje ya rangi ni salama. Hesabu sitaha yote ya kamba kuwa hatari wakati winchi inakaza. Usisimame ndani ya mzunguko wa kamba iliyolala chini, usivuke juu ya kamba iliyokazwa, usiishike karibu na ngoma ya winchi, na kabla kazi haijaanza chagua utakimbilia wapi. Mara nyingi utasikia kamba ikilia au kuona vumbi jembamba likitoka, lakini za kisasa nyingine hazitoi taarifa yoyote.

*Vyumba vilivyofungwa.* Matangi, chumba cha mnyororo wa nanga, ngama, yaani chumba cha shehena, iliyofungwa kwa siku nyingi. Chuma kinachoota kutu kinakula oksijeni. Makaa ya mawe, magogo, vyuma chakavu na nafaka pia vinakula. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na huko ndani inaweza kuwa imeshuka bila harufu wala moshi. Mtu anashuka ngazi tatu, magoti yanalegea, anaanguka. Mwenzake anamwona, anashuka kumwokoa, anaanguka juu yake. Halafu wa tatu. Hivyo ndivyo meli moja inavyopoteza watu kadhaa ndani ya dakika chache. Usiingie bila kibali kilichoandikwa, bila hewa kupimwa juu, katikati na chini, bila mtu wa kusimama mlangoni mwenye redio. Na ukimwona mwenzako ameanguka ndani, piga kelele, bonyeza kengele, bakia nje mpaka wenye mitungi ya hewa wafike. Ni agizo gumu kulitii, hasa akiwa rafiki. Lifanyie mazoezi kichwani kabla ya siku yenyewe.

*Wazamiaji*, yaani watu wanaojificha melini ili wasafiri kwa siri. Kabla ya kuondoka bandari nyingi za Afrika, meli hupekuliwa, na kazi hiyo ni yenu wa sitaha: ndani ya boti za kuokolea, nyuma ya bomba la moshi, stoo ya rangi, ndani ya kontena tupu, hata tundu la nje ya meli lililo juu ya usukani wa majini, ule ubao unaogeuza meli. Novemba 2022 watu watatu walifika Las Palmas wakiwa wamekaa juu ya usukani huo wa meli Alithini II kwa siku 11 kutoka Lagos. Dar na Tanga tunawajua vijana waliozamia, wengine ni ndugu zetu, na utakayemkuta anaweza kukuita kwa Kiswahili. Mtoe kabla meli haijang'oa nanga, kwa upole, bila kumpiga, na mripoti. Kumficha ni kumwacha afe kwa kiu mahali ambapo hakuna atakayefungua.

9. Saa za kupumzika

Sheria inasema angalau saa 10 za kupumzika ndani ya kila saa 24, na saa 77 ndani ya siku 7. Zile 10 zinaweza kugawanywa mara mbili tu, na kipande kimoja kiwe si chini ya saa 6. Kuna karatasi ya kuziandika ambayo utasaini kila mwezi, na kwenye meli mbaya utaletewa ikiwa imeshajazwa vizuri kabisa. Kwa hiyo andika saa zako za kweli kwenye lile daftari uliloambiwa ubebe. Siku ya madai ya malipo au ya ajali, daftari la mkono lenye tarehe linasikilizwa.

10. Mshahara ukikatika

Mwezi mmoja bila mshahara, uliza kwa maandishi na uhifadhi nakala. Mshahara usipolipwa kwa miezi miwili au zaidi, au ukiachwa bila chakula, maji na mafuta, au mwenye meli akikataa kukurudisha nyumbani, MLC inakuhesabu umetelekezwa. Tangu Januari 2017 kila meli inayofuata mkataba huo lazima iwe na bima ya jambo hili, inayolipa hadi miezi 4 ya mishahara iliyodaiwa pamoja na safari ya kurudi. Cheti cha bima hiyo kimebandikwa mahali pa wazi, mara nyingi karibu na mesi, chumba cha kulia, na kina simu ya kampuni ya bima. Kipige picha wiki yako ya kwanza, wakati kila kitu bado kizuri na hakuna anayekutazama vibaya.

Kisha wapigie wakaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa uchukuzi, wa bandari uliyopo, chama chako, na SeafarerHelp, huduma ya msaada kwa mabaharia, ambao wanapokea simu na ujumbe saa 24 bila malipo. Mission to Seafarers, shirika la Kikristo la kuwahudumia mabaharia, wana vituo katika bandari nyingi, Mombasa ikiwemo. Usiruke meli kwa hasira ukiwa peke yako, maana anayetoroka anaweza kupoteza haki ambazo aliyebaki na kudai anazipata.

11. Kushuka

Mkataba wa mfululizo haupaswi kufika miezi 12. Wiki ya mwisho, kabla ya mtu wa kushika nafasi yako kufika, mwendee nahodha na kitabu chako. Ajaze jina la meli, namba ya IMO, ukubwa, cheo, tarehe ya kupanda na kushuka, asaini na kupiga muhuri. Omba pia barua ya siku za bahari inayotaja kazi ya zamu na usukani, kwa sababu mamlaka ikikufanyia hesabu ya AB itataka kujua ulifanya nini, si ulikaa wapi. Nahodha akishabadilishwa ni vigumu kumpata yule aliyekuona ukifanya kazi. Linganisha tarehe zake na mihuri ya uhamiaji kwenye pasi, na kama hazilingani, zirekebishwe hapohapo, ukiwa bado umesimama ndani ya ofisi ya meli.